Zamu ya Noeli ina gharama, muuguzi asiachiwe aibebe peke yake

Desemba ni mwezi wa mavuno kwa mfanyabiashara wa mpakani. Mchele, sukari, mafuta ya kupikia, vitenge na viatu vya watoto hutafutwa kila mahali, kwa sababu kila nyumba, iwe Ngara au Muyinga, inataka kula na kuvaa vizuri siku ya Noeli na siku ya Bonane. Malori yaliyotoka Dar es Salaam husogea kuelekea Kabanga na Kobero. Kina mama wa biashara ndogo huvuka asubuhi na kurudi jioni. Wanaokwenda Gitega kupitia Karusi hubanana kwenye magari madogo, magunia yakiwa miguuni.

Palipo na watu wengi na magari mengi, ajali na maradhi havikosi. Kwa hiyo kuna swali linalomhusu moja kwa moja mtu anayesoma ukurasa huu akiwa na karatasi za forodha mkononi. Usiku wa tarehe 24 Desemba, utingo akianguka kutoka juu ya lori, au mjamzito akishikwa na uchungu akiwa njiani, ni nani atakayempokea? Na huyo atakayempokea atakuwa katika hali gani?

Sehemu ya kwanza ya swali ina jibu rahisi. Atapokewa na muuguzi. Nchini Burundi vituo vya afya vya vijijini kwa kawaida huendeshwa na wauguzi bila daktari. Daktari hupatikana hospitali ya wilaya au ya mkoa. Muuguzi, anayeitwa umuforoma kwa Kirundi, ndiye anayepima, anayechoma sindano, anayezalisha, anayejaza daftari, na anayeamua kama mgonjwa abaki au apelekwe mbele.

Sehemu ya pili ndiyo nzito. Muuguzi huyo anaweza kuwa amejua tangu Novemba kwamba Noeli ya mwaka huu ni zamu yake. Amewaandaa watoto wake, amefika kazini kwa wakati, amekula, na anajua tarehe atakayopumzika. Anaweza pia kuwa ameambiwa jana yake, amekuja kwa miguu kwa kukosa usafiri, hajala tangu asubuhi, na hajui ni nani atakayempokea zamu kesho. Ni mtu yule yule mwenye cheti kile kile, lakini utingo aliyevunjika mguu hatahudumiwa vile vile.

Kazi ya sikukuu hospitalini haikwepeki, na wauguzi wenyewe hawadai iondolewe. Kinachoweza kubadilishwa ni jinsi gharama yake inavyogawanywa. Mara nyingi gharama hiyo huishia kwa muuguzi na familia yake, huku wanaonufaika wakiwa wengine: serikali inayotangaza kwamba huduma haikukatika, mamlaka za mpaka zinazotaka magari yapite, na wafanyabiashara wanaosafiri wakiamini kwamba wakiugua kuna mlango utakaofunguliwa. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Zamu ya Noeli huonekana nyepesi kwa kila mtu isipokuwa anayeishika.

Ukubwa wa mzigo huu una historia yake. Mei 2006 serikali ya Burundi ilitangaza kwamba kujifungua na matibabu ya watoto wa chini ya miaka 5 vitakuwa bure katika vituo vya umma. Ulikuwa uamuzi mwema, na kina mama waliokuwa wakijifungulia nyumbani kwa kuogopa gharama walianza kwenda hospitali. Lakini wodi za wazazi na vyumba vya watoto vilijaa kabla idadi ya wauguzi haijaongezeka kwa kiwango hicho. Mtoto hachagui siku ya kuzaliwa. Wodi ya wazazi ndiyo isiyojua Noeli, Idi wala Sikukuu ya Uhuru.

Mwaka 2010 utaratibu wa kuvilipa vituo vya afya kulingana na kazi iliyofanyika ulisambazwa nchi nzima. Sehemu ya fedha hizo huwafikia wafanyakazi kama bonasi. Zinapofika kwa wakati, muuguzi aliyeshika zamu ngumu huona matunda ya jasho lake. Zikichelewa, hufanya kazi ya Desemba kwa ahadi, wakati bei ya mchele, nyama na nguo za watoto sokoni haimsubiri. Mfanyabiashara anaifahamu hali hiyo vizuri, kwa kuwa mwenye mshahara usiobadilika ni miongoni mwa wateja wake wanaoumia bei zinapopanda kabla ya sikukuu.

Kwa Gitega kuna jambo jingine. Tangu mji huo ulipotangazwa kuwa makao makuu ya kisiasa ya Burundi mwishoni mwa 2018, shughuli kubwa za taifa zimeongezeka hapo. Rais Évariste Ndayishimiye aliapishwa katika uwanja wa Ingoma mjini Gitega Juni 2020. Ofisi zilizohamia zimeleta wageni, magari na wapangaji wapya. Mkusanyiko wowote wa watu wengi huleta waliozirai kwa jua, waliokanyagwa, waliopata ajali wakirudi nyumbani, na wote hao hutazamwa na hospitali ile ile.

Tena sikukuu za Burundi haziishii Desemba. Kuna Februari 5, siku ya Umoja. Kuna Julai 1, siku ya Uhuru uliopatikana 1962. Agosti 15, sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria, mahujaji huelekea Mugera, karibu na Gitega, ambako misheni ilianzishwa 1899. Oktoba 13 humkumbuka Mwanamfalme Louis Rwagasore, aliyeuawa 1961, na Oktoba 21 humkumbuka Rais Melchior Ndadaye, aliyeuawa 1993. Novemba 1 ni Watakatifu Wote. Idi mbili nazo ni siku za mapumziko. Kila mojawapo ya siku hizo ofisi hufungwa, na kila mojawapo muuguzi fulani huamka kwenda kazini wakati jirani zake wamelala.

Muyinga, ambayo sasa imo ndani ya mkoa mpya wa Buhumuza pamoja na Cankuzo na Ruyigi, ina sura tofauti. Ni mji wa njia. Anayeingia Burundi kutoka Tanzania kwa Kobero hupita hapo kabla ya kwenda Ngozi, Bujumbura au Gitega. Karibu na hapo, Gasorwe, ipo kambi ya Kinama ya wakimbizi kutoka Kongo. Hospitali yake huhudumia wenyeji, wapita njia na wageni kwa pamoja. Desemba huangukia msimu wa mvua, na mvua huleta mbu. Malaria katika eneo hilo la kaskazini mashariki haina likizo.

Lakini Muyinga ina hazina ambayo miji mingi ya Burundi haina kwa kiwango hicho. Waislamu na Wakristo wameishi na kufanya biashara pamoja kwa miaka mingi, na Kiswahili kimekuwa lugha ya soko lao. Palipo na wauguzi wa dini zote mbili, njia ya kwanza ya kupunguza uchungu wa zamu iko wazi: muuguzi Mwislamu hushika zamu ya Noeli, na Mkristo humpokea siku ya Idi. Ni deni la heshima ambalo watu hulilipa bila kushurutishwa. Maduka mengi ya ukanda huu yenye washirika wa dini mbili yamefanya hivyo kwa muda mrefu, mmoja akifungua wakati mwenzake yuko kwenye ibada.

Hata hivyo hesabu ya kubadilishana ina mipaka yake, na ni vizuri isemwe wazi ili mazoea mema yasigeuke dhuluma. Waislamu ni wachache kuliko Wakristo nchini Burundi. Katika kituo chenye wauguzi 6, akiwepo Mwislamu 1 tu, hawezi kubeba usiku wa tarehe 24, mchana wa 25 na usiku wake kila mwaka, kisha aambiwe ashukuru kwa kupewa Idi. Tena siku ya Idi hutegemea kuandama kwa mwezi. Ratiba inayotaja tarehe moja tu inaweza kumkuta muuguzi zamuni siku ambayo wenzake wanaswali. Orodha ya Idi inahitaji tarehe mbili na watu wa siku zote mbili. Na Bonane haina dini, kila mtu anaitaka. Hapo kubadilishana kwa imani hakusaidii, inabaki haki ya mzunguko: aliyefanya kazi mwaka jana apumzike mwaka huu.

Wauguzi wenyewe wamekwisha kutafuta njia za kuishi na hali hii. Familia husogeza mlo wa sikukuu hadi siku ambayo mama au baba yupo nyumbani, watoto wakielezwa kwamba Noeli yao itakuwa tarehe 27. Walio zamuni huchanga na kupika sufuria moja ya wali au ndizi na maharage, wakala kwa zamu, mmoja akisikiliza wagonjwa. Bibi au dada mdogo huombwa alale na watoto. Simu hupigwa mara moja usiku, kabla mtandao haujaelemewa na salamu za mwaka mpya. Mgonjwa asiye na ndugu husogezewa sahani.

Hayo ni mambo mazuri, na yanastahili kusifiwa. Lakini sifa zisitumike kuficha kwamba ni viraka. Sufuria ya kuchangishana inatoka kwenye mishahara yao. Bibi anayelala na watoto anafanya kazi ambayo haiandikwi popote. Na hakuna kiraka kinachoweza kuziba uchovu wa mtu aliyesimama saa nyingi kuliko mwili unavyoweza.

Kuhusu uchovu huo kuna ushahidi. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2004, uliowafuatilia wauguzi 393, ulionyesha kwamba uwezekano wa kufanya kosa kazini uliongezeka mara 3 kwa muuguzi aliyefanya kazi saa 12 na nusu au zaidi mfululizo. Wauguzi hao walikuwa katika hospitali zenye umeme, mashine na wasaidizi. Kwenye kituo ambacho taa inaweza kuzimika na mtu mmoja anaangalia wodi mbili, haiwezekani hali ikawa nafuu zaidi. Kosa la muuguzi aliyechoka ni dozi iliyozidishwa, damu iliyochelewa kuonekana, au mtoto aliyenyamaza bila mtu kugundua.

Sheria za kimataifa za kazi zililiona jambo hili zamani. Mwaka 1977 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba namba 149 kuhusu wauguzi, unaotaka wapate masharti yasiyopungua ya wafanyakazi wengine wa nchi yao katika saa za kazi, fidia ya saa za ziada na za usumbufu, mapumziko ya wiki na likizo ya mwaka. Pendekezo namba 157 lililopitishwa pamoja nao linaingia ndani zaidi: kuwe na saa 12 za mapumziko kati ya zamu moja na nyingine, na ratiba itolewe mapema vya kutosha ili muuguzi aweze kupanga maisha yake na ya familia yake. Miaka karibu 50 imepita. Kutoa ratiba mapema hakuhitaji mkopo wa benki wala mfadhili. Kunahitaji karatasi, kalamu, na mkuu wa kituo anayejua kwamba atadaiwa maelezo asipoitoa.

Wapo watakaosema kwamba muuguzi aliijua kazi hiyo alipoingia shuleni, na kwamba askari, madereva na watu wa forodha nao hufanya kazi siku za sikukuu. Ni kweli. Lakini mfanyabiashara anajua kwamba dereva anayekesha mpakani hudai posho ya siku alizokwama, na mwenye mzigo hulipa kwa sababu anajua gharama ya gari lililosimama. Hakuna anayemwambia dereva kwamba wito wa udereva unatosha kumlisha. Kuichagua kazi hakumwondolei mtu haki ya kujua zamu yake mapema, kulipwa kwa wakati na kulala baada ya kukesha.

Wapo pia watakaosema kwamba nchi haina fedha. Burundi ni nchi yenye kipato kidogo, na tangu 2021 uhaba wa fedha za kigeni umeleta foleni za mafuta ambazo kila msomaji wa ukurasa huu amezionja. Uhaba huo unamgusa muuguzi mara mbili. Wa kwanza ni wake mwenyewe: pikipiki au gari la kumfikisha kazini saa 12 jioni halipatikani, au linapatikana kwa nauli inayokula mshahara wa siku. Wa pili ni wa mgonjwa: gari la wagonjwa lipo, dereva yupo, tangi halina kitu. Lakini uhaba huo huo ndio sababu ya kupanga zaidi. Mwenye shamba dogo hupima mbegu, hazimwagi. Nchi yenye mafuta machache inapaswa kuamua mapema ni lita ngapi zitawekwa kando kwa gari la wagonjwa kati ya Desemba 23 na Januari 2, na kuzilinda kama zinavyolindwa za misafara ya wakubwa.

Jirani wa Kenya wametoa somo kuhusu kinachotokea malalamiko ya watumishi wa afya yanapoachwa hadi yachemke. Madaktari wa hospitali za umma waligoma kuanzia Desemba 5, 2016 hadi Machi 2017, siku 100, na wagonjwa wakala Noeli na Mwaka Mpya bila wao. Juni mwaka huo huo wa 2017 wauguzi nao waligoma, na mgomo ukadumu miezi 5. Mwenye fedha alikwenda hospitali binafsi. Mchuuzi aliyeshindia mtaji wa siku moja alirudi nyumbani na mgonjwa wake. Burundi haina sababu ya kusubiri kufika huko. Wauguzi na madaktari wake wamekuwa wakiondoka kutafuta kipato nchi nyingine, na kuondoka kwa mtu mmoja mmoja ni mgomo usio na tangazo: hauna mwisho, na hauna wa kuzungumza naye mezani.

Biashara ya mpakani ina sababu yake mahususi ya kulijali jambo hili. Mwaka 2020 malori yalipanga foleni ndefu Malaba na Namanga madereva wakisubiri kupimwa korona. Kila aliyekuwa na mzigo wa matunda au samaki anakumbuka kilichooza. Machi 2023, na tena Januari 2025, Tanzania ilitangaza mlipuko wa ugonjwa wa Marburg katika mkoa wa Kagera, mkoa ule ule wenye wilaya ya Ngara inayopakana na Muyinga. Julai 2024 Burundi ilitangaza mlipuko wa mpoksi, na nchi hiyo ikawa miongoni mwa zilizoathirika sana baada ya Kongo. Kinachozuia mpaka usifungwe wakati kama huo ni mtu anayejua dalili, aliyelala vya kutosha kuziona, na aliyepo hata kama ni sikukuu. Virusi havina kalenda.

Kwa hiyo yapo mambo yanayoweza kufanywa kabla ya mwaka kwisha, na kila upande una sehemu yake.

Wakuu wa hospitali na vituo vya Gitega na Muyinga wabandike ukutani ratiba ya kuanzia Desemba 20 hadi Januari 5 mwanzoni mwa Desemba. Majina ya walioshika Noeli na Bonane ya mwaka uliopita yaandikwe pembeni, kila mtu ayaone. Kila zamu ya sikukuu iambatane na tarehe ya mapumziko ya kufidia, iliyoandikwa, kwa kuwa ahadi ya mdomo husahauliwa Januari. Kuwe na jina moja la akiba kwa kila usiku, ili muuguzi akiugua mwenzake asilazimike kuunganisha zamu mbili. Na ratiba isiwe ya wauguzi peke yao. Mtu wa maabara, mtu wa dawa na dereva wa gari la wagonjwa wawemo. Muuguzi asiye na dawa usiku wa manane ni sawa na duka lenye mwenye duka na rafu tupu, tena yeye ndiye anayetukanwa.

Wizara ya Afya na wanaosimamia malipo wahakikishe bonasi zinazodaiwa zinawafikia wafanyakazi kabla ya sikukuu. Kama fedha haitoshi kwa yote, mlo wa zamu ya usiku na usafiri wa kwenda na kurudi vitangulie. Muuguzi mwanamke anayetoka kazini saa 1 usiku kwenye mji uliojaa walevi anahitaji kufikishwa nyumbani, na hilo ni jambo la usalama kabla ya kuwa la posho.

Nchi wanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki nazo zina wajibu. Burundi ilijiunga na Jumuiya Julai 1, 2007, na Ibara ya 118 ya Mkataba wa Jumuiya inazungumzia ushirikiano katika afya. Kwa watu wa Kobero na Kabanga ushirikiano huo ungeanza na kitu kidogo sana: orodha ya pamoja ya simu za walio zamuni siku za sikukuu katika hospitali ya Muyinga na hospitali za Ngara, ikiwemo Murgwanza, ibandikwe kwenye kituo cha pamoja cha mpaka pale pale wanapogonga mihuri. Dereva akianguka, afisa wa mpaka ajue nani wa kupigiwa kila upande, na muuguzi wa upande mmoja aweze kumuuliza mwenzake kama kitanda kipo kabla mgonjwa hajapakiwa. Kiswahili kinatosha kwa mazungumzo hayo.

Wafanyabiashara nao wasisubiri wengine. Vyama vya wachuuzi na vya madereva vinaweza kukubaliana na waendesha pikipiki na magari madogo wachache, kwa siku 4 tu za mwaka, Desemba 24, 25, 31 na Januari 1, wawafikishe wauguzi kazini na kuwarudisha. Vinaweza kupeleka gunia la mchele na maharage kwa zamu ya usiku. Jambo la kuzingatia ni kwamba msaada huo utolewe hadharani, kwa uongozi wa hospitali, kwa risiti, na kwa zamu nzima. Gunia linalokabidhiwa mchana mbele ya watu ni shukrani. Noti inayoingizwa mfukoni ili mtu apite mbele ya foleni ni rushwa, na humwumiza muuguzi mwaminifu kuliko mtu yeyote, kwa kuwa hufanya wagonjwa wote wamwone ni wa kununuliwa.

Lipo pia linalomhusu kila msafiri peke yake. Mjamzito aliyekaribia siku zake aachie wengine safari ya mwisho ya mwaka, au angalau abebe kadi yake ya kliniki. Mwenye kisukari au shinikizo la damu anunue dawa za wiki 2 kabla ya Desemba 23, asimwamshe muuguzi usiku wa Noeli kwa kidonge alichoweza kukipata mchana wa Jumatatu. Homa isingojewe hadi iwe ya kuchanganyikiwa. Na anayefika na mgonjwa akumbuke kwamba aliye mbele yake hakuipanga ratiba, hakuliacha tangi bila mafuta, na hakuifunga stoo ya dawa. Kumtukana hakutaleta daktari.

Mpaka wa Kobero ulipojengewa kituo cha pamoja, serikali mbili zilikubali kwamba kuchelewa kwa mfanyabiashara ni hasara inayoweza kuhesabiwa na kupunguzwa. Hesabu hiyo hiyo iende hatua chache mbele, hadi kwenye mlango wa hospitali ya Muyinga na wa Gitega. Mwishoni mwa mwaka, maduka yakifungwa na ngoma zikianza, taa ya wodi ya wazazi itabaki inawaka. Aliye chini ya taa hiyo ameacha watoto wake nyumbani ili mtoto wa mtu mwingine azaliwe salama. Apewe tarehe yake mapema, apewe chakula, afikishwe kwake salama, na alipwe kwa wakati.